Gimbi la sebuleni

Watu wa Dar mna raha sana bhana, mnapost mimea yenu ya ndani majani mapana yanang'aa alafu mnaandika "hii haina shida, weka penye mwanga, mwagilia kidogo, imeisha". Huku Mbeya haijaisha. Sisi tupo juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ikifika Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, mtu unalala na soksi na sweta na bado alfajiri mnagombania kona ya blanketi. Sasa we chukua mmea ambao kwao ni misitu ya joto ya kusini mashariki mwa Asia, uulete Ilomba, uuweke sebuleni kwenye dirisha ambalo upepo wa mlima Loleza unaingia ata likiwa limefungwa, alafu subiri uone.

Lakini huu ugonjwa wa maua ninao na sitaki kupona. Nina monstera, nina zile za kutambaa, nina moja sijui inaitwaje nilikata kipande kwenye harusi ya watu nikakificha kwenye pochi. Kipenzi cha moyo wangu sasa alikuwa alokasia, ile kubwa ambayo wauza maua wa barabarani wanaiita sikio la tembo, na ukiwaonyesha mimea mingine mitatu tofauti nayo wanaiita hivohivo. Nilimnunua mdogo kwa 15,000 nikamlea. Udongo nilikuwa nachanganya mwenyewe, udongo mweusi, makapi ya mpunga ambayo mashineni wanakupa bure na wanashukuru umewapunguzia, maganda ya kahawa kutoka Mbozi, na vipande vya mkaa, ili maji yapite yasituame maana mizizi yake ikikaa kwenye tope inaoza unasikia harufu tu. Kumwagilia mpaka niingize kidole nione pamekauka. Majani nayafuta na kitambaa kibichi kila wikiendi, juu na chini, sababu vumbi likikaa pale na utitiri unahamia, na utitiri ukishahamia hauondoki kwa kuombwa. Mume wangu akawa analalamika kwamba tangu tuoane sijawahi kumfuta yeye jasho.

Ilivofika masika jani lake moja lilikuwa limepita upana wa sinia la pilau. Na asubuhi alikuwa anadondosha maji kwenye ncha za majani, tone, tone, tone, dada anayetusaidia kazi alikuwa hapiti sebuleni peke yake kabla jua halijatoka, anasema mama ua lako linalia, hapa nyumbani kuna jambo. Nikamwelewesha kwamba usiku mizizi inasukuma maji juu, na kwa kuwa jani halipotezi maji sana usiku, yanatafuta pa kutokea. Akaitikia sawa mama. Kesho yake nikamkuta amemwekea beseni na Biblia.

Basi ikaja Juni. Jani la kwanza likawa njano likalala chini, la pili, la tatu, mpaka kikabaki kisiki kimesimama kwenye ndoo, kinene kuzidi mkono wangu. Mtu asiyejua analia msiba, ila mwenye alokasia anajua huyu hajafa, amelala. Baridi ikimzidi, nyuzi 15 kushuka chini, anaacha majani anaficha chakula chake chote kwenye shina na vile vitoto vyake vya chini ya udongo, anangoja joto. Wewe kazi yako ni kupunguza maji na kutulia, mpaka kwenye Septemba huko kukianza kuchangamka anatoa jani jipya. Nikamsogeza kwenye kona karibu na kabati, nikamfunika na makapi ya mpunga, nikamwambia lala salama baba.

Kumbuka hicho kisiki. Hakina jani, kimefukiwa nusu, kwenye ndoo. Maana hapo kosa ni la nani mi mpaka leo siwezi kusema, na mkitaka kusema ni la shangazi semeni nyie, mimi nina watoto wa kulea.

Mwezi Julai ndo watu wa Iringa wakawa wanakuja kuongea mahari ya mdogo wangu. Barua tulishawajibu, sasa ilikuwa siku ya wazee kukaa na kutaja vitu. Wakachagua kwangu sababu sebule ni kubwa na mjini hapa ndo katikati, wao wanatoka Iringa, sisi ukoo unatoka Tukuyu. Na posa bila shangazi haiendi, kwaiyo shangazi akaja mapema. Shangazi yangu mimi akija haji yeye, linakuja soko. Kashushwa na bajaji na mikungu miwili ya ndizi, kiroba cha maparachichi, na dumu la maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, maana anaamini maziwa ya mjini ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Shikamoo shangazi. "Marahaba mwanangu, ugonile." Hajakaa vizuri kwenye kochi macho yameshafika kwenye kona.

"Mwanangu, gimbi mbona mmelipanda kwenye ndoo?"

"Shangazi hilo siyo gimbi, ni ua."

"Ua." Akasogea akainama. "Lenyewe liko wapi?"

Sasa hapo nijibu nini, maua halina, majani halina. Nikasema limelala.

Shangazi akacheka mpaka akashika mgongo. "Gimbi likiangusha majani halijalala, limekomaa. Hilo la kuchimba. Likipitiliza litakuwa gumu."

Na msimcheke, kwa upande wake yuko sahihi kabisa. Yeye amelima magimbi tangu hajaolewa, na gimbi kweli ukiona majani yananyong'onyea na kuwa njano ndo limefika. Alafu huyu alokasia na gimbi ni ukoo mmoja, ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Angekuwa na majani ningemwonyesha tofauti, jani la gimbi kikonyo kinashika katikati ya jani na ncha inaangalia chini, huyu wangu kikonyo kinashika pale kwenye mpasuko na ncha inanyanyuka juu. Ukimwagia gimbi maji yanaviringika yote yanaanguka. Lakini ndo hana jani ata moja, ushahidi wote umeanguka mwezi wa sita. Nikarudia tu, shangazi hilo ni pambo, halichimbwi. Akasema "haya mama" kwa ile sauti ambayo kila mwenye shangazi anaijua.

Siku yenyewe wageni tulikubaliana saa saba mchana. Nani Tanzania hii anakuja kwenye mahari kabla ya saa? Watu wa Iringa. Walilala gesti mjini, asubuhi wakaona wakae wanafanya nini, saa tatu na nusu wakagonga hodi. Mimi nipo sokoni Mwanjelwa nachagua kuku, simu ipo kwenye pochi, pochi ipo ndani ya kikapu, kikapu kipo chini ya kuku. Nyumbani yupo mume wangu, baba mdogo, mdogo wangu amejifungia chumbani anapaka vitu usoni, dada wa kazi, na shangazi. Chai ipo, maziwa yapo, kitafunwa hakuna. Dada akapendekeza akimbie dukani achukue mkate. Shangazi akamwambia mkate ni chakula cha mgonjwa, mgeni wa posa akiandaliwa mkate anarudi kwao anasema ukoo ule una njaa. Ndizi alizokuja nazo bado mbichi na alishazigawa kwenye hesabu ya mchana. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia kwenye kona.

Haya yote nilisimuliwa na dada baadae. Anasema shangazi alimwambia "mama mwenye nyumba ameshasema", bila kumalizia amesema nini. Wakaipeleka ndoo uani wakaing'oa. Kilivyotoka shangazi akashangilia, anasema hajaona gimbi kubwa limelelewa kwenye ndoo maisha yake yote, kweli mwanangu ana mkono wa kulima. Akakata kichwa akakirudisha kwenye ndoo, vile anavyofanya shambani kwake ili liote tena. Wakati wa kumenya mikono ikaanza kumuwasha. Hapo mtu mwingine angeshtuka. Yeye akafurahi zaidi, maana gimbi nalo linawasha ukilimenya bila kupaka mafuta, akamwambia dada "unaona? Hili ndo lenyewe hasa, la zamani". Akakatakata, akatia chumvi, akabandika kwenye gesi.

Na gesi anaiogopa. Shangazi anawasha gesi akiwa amesimama mlangoni, mkono umenyooka, uso umegeukia nje. Kwao magimbi yanakaa kwenye kuni mpaka mtu uende shamba urudi. Hapa akaona maji yametokota, vipande vimelainika, uma unaingia, akazima haraka nyumba isije ikalipuka na wakwe ndani.

Mimi nafika na kuku wangu wanne saa tano kasoro. Nje viatu vya wageni vimepangwa, moyo ukapiga paa. Nikapitia mlango wa nyuma, nikafunga kitenge, nikaingia sebuleni kwa magoti kusalimia wazee. Kamwene, kamwene. Mshenga wao ni mzee mmoja mrefu, koti la suti, fimbo, sauti inatoka tumboni, yani ukimsikia unajua huyu kuna ndoa nyingi zinakula kwa jasho lake. Alikuwa katikati ya hotuba. Mkononi kashika kisahani, kwenye kisahani vipande vyeupe vinafuka moshi, nikawaza shangazi magimbi kapata wapi mbona hakuja nayo. Macho yakaenda yenyewe kwenye kona.

Ndoo imebaki na udongo na kichwa kimechomekwa pembeni.

Sasa mnajua wenyewe maneno ya washenga wetu. Mzee akakohoa kidogo, akang'ata kipande, akasema na kimo mdomoni: "Ndugu zetu, sisi tulipita njiani, tukaona ndani ya nyumba hii kuna ua zuri. Tukasema hatuwezi kuondoka bila ua hili. Na leo tumekuja kulichukua."

Akameza.

Mi niko pale magotini, naangalia. Kuongea siwezi, wazee wanaongea, mtoto wa kike tena dada wa bibi harusi ukiropoka "babu tema ilo" hiyo ndoa imeisha na hadithi yako inafika mpaka Mafinga. Nikamkonyeza mume wangu. Akanikonyeza na yeye, kafurahi, anadhani namsifia shati. Nikaonyesha kona kwa mdomo. Akaangalia kona, akaangalia kisahani chake, akaangalia kona, nikaona rangi inamtoka. Yeye alishakula vitatu.

Mzee akaendelea, "ua hili tutalitunza, tutalimwa, tutalimwa..." akasimama. Akajaribu "tutalimwagilia", ulimi ukagoma. Akapiga funda la chai ya moto, ndo akaharibu kabisa. Wenzake wawili nao wameanza kujikuna shingoni na kusafisha koo, hmm, hmm, mmoja anasukuma ulimi nje kidogo anauangalia kama bado wa kwake. Mdomo wa chini wa mshenga ukaanza kuumuka kama andazi kwenye mafuta, machozi yanamtoka, lakini mzee ni mzee, hakuachia kisahani.

Akanyanyua mkono, vidole vitano. Mi nilielewa palepale, mzee anaomba dakika tano. Baba mdogo ambaye alikuwa bado anapuliza chai yake hajagusa chochote, yeye kazi iliyomtoa Tukuyu ni kusikiliza idadi, akaruka kwenye kiti:

"Ng'ombe watano! Wakwe zetu wametamka wenyewe! Andika!"

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana hapana, akanyanyua na mkono wa pili kuwatuliza watu.

"Kumi!" Baba mdogo akasimama kabisa. "Jamani huyu ni muungwana, katutoa watano kafikisha kumi bila kuombwa! Andika kumi!"

Huku chumbani wanawake wa ukoo walikuwa wamebandika masikio mlangoni, kusikia kumi vigelegele vikapasua nyumba, mdogo wangu katoka na poda nusu uso anacheza, shangazi anatoka jikoni na sufuria kuongeza wageni magimbi. Watu watatu wa Iringa wanapunga mikono yote kwa pamoja. Baba mdogo akawa anajaribu kujumlisha.

Nikaona heshima ibaki ilipo, nikasimama nikapiga kelele: "Msile! Hilo siyo gimbi, ni ua langu!"

Kimya. Vigelegele vikakata.

Shangazi akaniangalia toka miguuni mpaka kichwani. "Unataka kusema nimewalisha wakwe sumu?" Sikusema ivo, lakini alishaamua kwamba nimesema. Akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akakiinua kila mtu akione, akatafuna taratibu mbele ya ukoo mzima, akameza, akafuta mdomo kwa kanga. "Gimbi," akasema. Akakunja mikono akasubiri. Tukasubiri na sisi. Nikaona shavu la kulia linacheza. Alafu jicho. Alafu shangazi yangu, ambaye msibani anaongea, kanisani anaongea, akilala anaongea, akakaa chini kwenye mkeka akafunga mdomo, na machozi mawili yakashuka yamenyooka.

Nikatoka mbio kwa jirani ambaye ni nesi, bahati alikuwa zamu ya usiku yupo nyumbani. Akaja na kanga ya kulalia. Akauliza wamekula nini, nikamwonyesha kichwa kwenye ndoo, akasema aa, hii jamii yote ina vifuwele vya kalsiamu oksaleti, ni sindano ndogondogo huwezi kuziona kwa macho, ukitafuna zinakuchoma ulimi na koo, ndo maana ata gimbi lisipoiva linawasha. Wasukutue, wateme, wasinywe cha moto, wapewe maziwa baridi, na tuwaangalie kupumua, mtu yeyote akianza kupumua kwa shida au kushindwa kumeza mate yake hapo hakuna mjadala ni hospitali. Mume wangu alishasogeza gari getini. Namshukuru Mungu halikutoka.

Maziwa baridi yapo wapi? Kwenye dumu la shangazi. Basi mahari ikasimama, wazee wa pande mbili wamepangwa kwenye makochi kila mtu na kikombe, wanashikilia maziwa mdomoni mashavu yametuna, wanaangaliana. Dada anapita na beseni, lilelile la mwanzo. Kwa zaidi ya saa nzima hakuna aliyeongea isipokuwa baba mdogo, akawa anahutubia peke yake kuhusu umuhimu wa ng'ombe.

Mume wangu ulimi ulivyoanza kurudi akaanza kutufundisha, na yeye ni mwalimu wa fizikia hawezi kuacha. Anasema unajua hapa Mbeya kwa huu mwinuko maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanachemka kama kwenye 94 hivi, kwaiyo chakula kinachelewa kuiva. Shangazi akatoa kikombe mdomoni, neno lake la kwanza tangu atafune: "Na Tukuyu tupo baharini?" Mwalimu akarudi kwenye maziwa yake.

Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi, yeye hakula sababu alikuwa nje anaongea na simu, akaingia mtandaoni kutafuta huu mmea. Nilitamani nimnyang'anye. Akasoma kwa sauti kwamba aina hii kubwa huko visiwa vya Pasifiki, Samoa na Tonga, watu wanailima na wanakula shina lake, ila wanamenya sana na kupika muda mrefu mpaka kuwasha kuishe. Jamani. Shangazi akanyanyuka pale mkekani kifua mbele.

"Mmesikia? Kuna nchi nzima wanakula! Nimesema ni gimbi. Tatizo ni gesi yenu."

Na mpaka leo ukimuuliza, kilichotokea siku ile ni gesi.

Mshenga alikuwa wa mwisho kurudiwa na ulimi. Akasukutua, akajaribu herufi moja moja kwa chini, akasimama na fimbo yake, sebule nzima ikatulia kumsikiliza. Akasema: "Siyo kumi."

Baba mdogo alilia jamani, kwa sauti.

Mazungumzo yalianza upya mchana baada ya kuku, na kuku wageni walimfungua kwanza wakamchungulia ndani. Sasa kawaida yetu upande wa mwanamke ndo tunawapiga faini wageni, wamechelewa faini, wameita jina vibaya faini, mshenga kakaa bila kukaribishwa faini. Siku hiyo mzee wa Iringa akageuza meza, akasema kwa mila zote anazozijua ukimla mwenzio ulimi unalipa, akatupiga faini ya mbuzi na ikakatwa palepale kwenye mahari, na upande wetu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubisha. Mdogo wangu ameolewa, yuko Iringa, ana mtoto. Nasikia kwenye ukoo wao mimi sina jina, naitwa "yule wa ua".

Alokasia wangu hakufa bwana. Kile kichwa alichochomeka shangazi kilioza kwa baridi, lakini chini kwenye udongo vilibaki vitoto vyake, vile vinundu vidogo saizi ya karanga, Oktoba vikatoa majani mawili. Vingine shangazi aliondoka navyo. Sikumpa, alivichukua tu akavifunga kwenye pindo la kanga, anasema mbegu haiachwi. Huko kwao mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo wa volkano, hakuna kitu kinakataa kuota. Mi nalea wangu na kidole na kitambaa anatoa jani moja kwa mwezi kwa kujivuta, wake nilivyoenda kumtembelea yamesimama pembeni ya mto yananizidi urefu, hajayafuta ata siku moja.

Nikamuuliza shangazi haya unayala? Akasema mimi nile nini, nina wazimu? Akanionyesha kwa mkono jinsi alivyoyapanda, mstari wa mbele wote unaopakana na njia, na magimbi yenyewe yapo nyuma. Kuna mtu alikuwa anamwibia magimbi usiku, msimu hadi msimu, na mwenyekiti kashindwa kumjua. Akasema wewe subiri.

Nilivyorudi Mbeya nikasahau hayo mambo. Mpaka Jumapili moja simu inaita, shangazi, anaongea kwa kunong'ona na nyuma nasikia kinanda.

"Mwanangu, nipo kanisani. Yule wa besi leo haimbi. Amefunga mdomo na leso."

Nikamwambia shangazi, mpelekeeni maziwa.

"Nimemletea," akasema. "Nimemwambia lita ni 2,000."